Karatasi Iliyopotea Benki: Amana, Subira na Haki ya Kudai

Karatasi ambayo mteja ameikabidhi benki haigeuki kuwa mali ya benki. Hati ya shamba iliyowekwa rehani, kadi ya gari, cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi zilizoachwa ili akaunti ya marehemu ifungwe, zote hubaki za mwenyewe. Benki imezishika tu, kwa muda na kwa sababu inayojulikana. Zinapopotea mikononi mwake huzuka maswali mawili yanayoonekana kuwa ya ofisini, ilhali mizizi yake imo katika dini na maadili. La kwanza: aliyekabidhiwa anawajibika kwa kiasi gani kwa kitu kilichopotea bila yeye kukusudia? La pili: mwenye karatasi anapodai na kulalamika, je, anaikosa thawabu ya subira, au anatimiza wajibu?

Jibu la dini zinazofuatwa katika pwani ya kusini ya Tanzania, Uislamu kwanza na Ukristo pamoja nao, ni bayana kuliko inavyodhaniwa. Kudai ni sehemu ya amana yenyewe. Dai likishatolewa, hali ya aliyeshika hubadilika, na asiyerudisha bila udhuru hawi tena mtunzaji mwema aliyepatwa na bahati mbaya. Mwenye haki anayenyamaza kwa kuona haya hajidhulumu yeye peke yake. Humwacha na mwenzake abebe mzigo ambao huenda hajui kwamba ameubeba.

Uzito wa karatasi Ziwani na mwambao wa Ruvuma

Katika Kata ya Ziwani na vijiji vingine vya Wilaya ya Mtwara, kuelekea Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, kaya nyingi huishi kwa mikorosho, minazi, mihogo na bahari. Kwa vizazi vingi mpaka wa shamba ulijulikana kwa mti, kwa kijito na kwa ushahidi wa wazee, na bei ya mavuno ilihesabiwa mkononi. Karatasi zilikuwepo. Mikindani ilikuwa bandari ya wafanyabiashara wenye madaftari tangu kabla Wajerumani hawajajenga boma lao pale mwaka 1895. Hata hivyo mkulima wa kawaida aliweza kulima, kuoa, kurithi na kuzikwa bila kuulizwa cheti.

Hali hiyo imekwisha. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi. Korosho huenda ghala kuu, huuzwa mnadani, na malipo huingia kwenye akaunti ya benki baada ya makato. Tangu anapoziacha mizani hadi anapoishika fedha, kinachosimama badala ya mkulima ni karatasi na jina lililoandikwa sawasawa. Mwishoni mwa mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, na jasho la msimu mzima likawa linasubiri uthibitisho.

Ardhi nayo imeingia kwenye makabati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliweka hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo huweza kuwekwa rehani ya mkopo. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015, zimeifanya ardhi ya ukanda huu itazamwe kwa jicho jingine. Pale ambapo zamani ilitosha kusema kwamba shamba linajulikana, leo swali la kwanza ni hati iko wapi.

Kwa hiyo hati ikipotea benki, hakijapotea kipande cha karatasi tu. Mwenyewe ataanza mzunguko: taarifa ya polisi, kiapo mbele ya wakili au hakimu, barua ya serikali ya kijiji, maombi ya nakala mpya kwenye ofisi ya ardhi, na kwa hati zilizosajiliwa, tangazo la upotevu katika Gazeti la Serikali. Kila hatua ni nauli ya kwenda Mtwara mjini na siku iliyotolewa shambani au baharini. Akifariki kabla hajamaliza, wanawe hurithi ugomvi badala ya shamba. Anayeupima upotevu huu kwa bei ya karatasi hajaupima.

Fedha ni deni, karatasi ni amana

Watu husema wameweka fedha zao amana benki, lakini kwa mizani ya sheria ya Kiislamu fedha za kwenye akaunti ni deni. Benki inazitumia, na mteja akizitaka hatarajii kurudishiwa noti zile zile. Atapewa nyingine zenye thamani hiyo hiyo. Ndiyo maana benki ikiibiwa usiku, haiwezi kumwambia mteja kwamba fedha zilizochukuliwa ndizo zilizokuwa zake. Deni halichomeki wala haliibiwi. Linabaki shingoni mwa mdaiwa mpaka lilipwe.

Karatasi ni kinyume chake. Benki haina ruhusa ya kuitumia hati ya mteja kwa shughuli zake, na hati ya shamba la mwingine haiwezi kuwa badala yake hata ikiwa na ekari zile zile. Hii ni amana halisi: kitu mahususi, cha mtu mahususi, kinachotakiwa kurudi kama kilivyo.

Tofauti hii ilifahamika tangu zama za masahaba. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Zubeir bin Awwam alipoletewa mali ya kuhifadhi alikataa kuipokea kama amana, akaipokea kama mkopo, kwa kuwa alihofia isije ikapotea. Kwa kufanya hivyo alijitwika wajibu wa kulipa hata kama ingepotea bila kosa lake. Alipofariki, mwanawe Abdalla hakukaa kungoja wadai wamfuate. Kwa muda wa miaka minne alitangaza katika msimu wa Hija kwamba yeyote anayemdai Zubeir ajitokeze, na hapo tu ndipo akaugawa urithi. Funzo la kisa hiki lina pande mbili. Mpokeaji mwema hutafuta mzigo mzito wa uwajibikaji na hakimbilii mwepesi. Tena huwatafuta wenye haki badala ya kungoja wachoke.

Kilele cha mfano huu ni Hijra yenyewe. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipotoka Makka akiwindwa, alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma ili azirudishe amana za watu, na wengi wa watu hao walikuwa katika kundi la waliomfukuza. Ikiwa uadui wa wazi haukuondoa wajibu wa kurudisha, basi foleni ndefu, uchache wa wafanyakazi au ugumu wa mteja haviwezi kuuondoa.

Mkono wa amana na mkono wa dhamana

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi, na miongoni mwa vitabu vyake vya msingi ni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Wanazuoni wa fikihi hutenganisha mikono miwili. Mkono wa amana haulipi kitu kikipotea bila uzembe. Mkono wa dhamana hulipa kwa hali yoyote. Anayehifadhi kitu cha mtu kwa idhini yake ana mkono wa amana. Kwa Shafi, hata aliyeshika rehani yumo humo, na deni likishalipwa rehani huendelea kuwa amana mkononi mwake. Kwa Hanafi, madhehebu yenye wafuasi miongoni mwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, rehani ikipotea hulipiwa kwa kadiri ya deni. Qurani yenyewe imeviweka vitu hivi pamoja: katika aya ya 283 ya Sura ya Bakara, mara tu baada ya kutaja rehani, inamwagiza aliyeaminiwa arudishe alichoaminiwa na amche Mola wake.

Kwa mtazamo wa haraka, kanuni ya Shafi inaipendelea benki: ikisema hati imepotea, imesalimika. Undani wa kanuni unasema vingine, kwa kuwa mambo kadhaa huuhamisha mkono kutoka upande wa amana kwenda upande wa dhamana.

La kwanza ni mahali pa kuhifadhia. Kila kitu kina hifadhi inayokistahili kwa desturi ya watu. Dhahabu haiachwi uani, na hati ya ardhi haiachwi juu ya meza wanakopita wateja. Aliyeweka kitu mahali pasipolingana nacho hulipa, hata kama mwizi ndiye aliyekichukua.

La pili ni kukikabidhi kitu kwa mwingine bila idhini wala dharura. Mwenyewe alimwamini fulani, hakumwamini kila ambaye fulani anamwamini. Jalada linalotoka tawini kwenda makao makuu, kisha kwenye ghala la kumbukumbu, kisha kwa wakala wa kuchapa nakala, linapaswa kuacha nyayo kila linapopita. Pasipo nyayo, hakuna awezaye kuapa kwamba lilihifadhiwa.

La tatu linamhusu mtunzaji anayeondoka. Fikihi inamtaka anayekusudia kusafiri airudishe amana kwa mwenyewe au kwa wakala wake. Akikosekana, kwa kadhi. Naye asipopatikana, kwa mtu mwaminifu. Anayeugua maradhi ya kutisha atatakiwa arudishe au ausie juu yake, na akikaa kimya mpaka akafa, amana hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Benki nazo huondoka na kufa kwa namna yake. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, iligawanywa mwaka 1997 na NMB ikazaliwa. Twiga Bancorp iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018. Kila mgawanyo au muungano wa aina hii huhamisha majalada, sawa na kila ofisa mikopo anayehamishwa kituo. Makabidhiano yaliyoandikwa, jalada kwa jalada, ndiyo wasia wa taasisi.

La nne ndilo lenye uzito zaidi kwa mlalamikaji, nalo ni dai. Mwenyewe akikitaka kitu chake, aliyeshika analazimika kukiachia. Akichelewesha bila udhuru kikapotea, atalipa. Akikana kwamba alikabidhiwa, kisha ikathibitika, atalipa. Kabla ya dai, ukimya wa mtunzaji ni wa halali. Baada ya dai, kila siku inayopita bila sababu inamsogeza kwenye dhamana. Hapa ndipo malalamiko yanapopata maana yake ya kisheria na ya kimaadili. Mkulima wa Ziwani aliyemaliza mkopo na kuomba hati yake, akajibiwa, “Mzee, rudi wiki ijayo, jalada halionekani,” anapofika wiki ijayo akiwa na barua yenye tarehe na kuondoka na nakala iliyogongwa muhuri, hajafanya ukorofi. Ameuhamisha mkono.

Kuhusu ushahidi pia, wanazuoni hawakuacha mlango wazi. Mtunzaji akidai kitu kimepotea kwa sababu iliyofichika, kama wizi, husadikiwa kwa kiapo. Akidai sababu ya hadharani, kama moto au mafuriko, tukio lenyewe lazima lijulikane au lithibitishwe. Kimbunga Kenneth kilichoikabili Mtwara kabla ya kupiga Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019 kilijulikana na kila mtu. Uvujaji wa paa la chumba kimoja haujulikani mpaka uthibitishwe. Na aliyeshika rehani akisema, “Tulikwisha kurudisha,” hasadikiwi kwa kauli yake pekee kwa rai ya wanazuoni wengi wa Shafi, alete ushahidi. Benki inayojibu kwamba mteja alishachukua hati yake inadaiwa kuonyesha daftari la kuchukulia na sahihi yake. Isipoweza, neno lake halitoshi.

Maandiko ya Kikristo juu ya kitu kilichokabidhiwa

Katika mkoa wenye misheni za kale kama Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876, na Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906, swali hilo hilo husomwa pia katika Biblia. Sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka inamzungumzia mtu aliyempa jirani yake fedha au vyombo amtunzie, vikaibiwa. Mwizi asipoonekana, mwenye nyumba hufikishwa mbele ya Mungu ili ijulikane kama hakutia mkono wake katika mali ya mwenziwe. Uchunguzi ni lazima hata pale ambapo hakuna anayetuhumiwa wazi.

Sura ya 6 ya Mambo ya Walawi inakwenda mbali zaidi. Aliyemdanganya mwenzake kuhusu amana hurudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, na anampa mwenyewe kabla toba yake mbele ya madhabahu haijakamilika. Nyongeza hiyo inakiri jambo ambalo ofisi nyingi husahau: kitu kilichorudi baada ya kuchelewa hakirudi chote, kwa kuwa muda wa mwenyewe umekwisha kuliwa.

Nabii Yeremia naye ameacha mfano wa uhifadhi. Katika sura ya 32 ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati inaandikwa mbele ya mashahidi, moja ikiwa imetiwa muhuri na nyingine ikiwa wazi, kisha zote mbili zinatiwa katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Mji ulikuwa umezingirwa na jeshi, na bado karatasi ya shamba ilitafutiwa hifadhi. Kuitunza hati ya mtu katika siku za wasiwasi kulikuwa tendo la imani kwamba watu watarudi kulima.

Je, kulalamika kunavunja subira?

Katika pwani, kizuizi kikubwa cha malalamiko mara nyingi ni imani iliyoeleweka nusu. Mtu huambiwa kwamba subira yavuta heri, kwamba kadari haina mshindani, na kwamba Mungu atalipa. Yote ni kweli mahali pake. Hata hivyo, subira ni uthabiti wa moyo usiokata tamaa na wa ulimi usiovuka mpaka. Haikuwekwa ili mzembe apate mapumziko.

Qurani inamsifu Ayubu kwa subira na papo hapo inaeleza alivyomlilia Mola wake kwa madhara yaliyompata. Yakubu aliyeipokea habari ya mwanawe kwa subira njema alisema wazi kwamba anamshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Malalamiko yanayovunja subira ni yale ya kumlaumu Mungu kwa alichokadiria. Kumwambia mwenye uwezo wa kurekebisha kwamba kuna jambo limeharibika ni kitu kingine kabisa.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa mwanamke. Khaula binti Thaalaba alikwenda kwa Mtume kuulalamikia usemi ambao mumewe, Aus bin Samit, alikuwa ameutumia kumharimisha kwa desturi ya kijahiliya. Hakuridhika na jibu la kwanza, akaendelea kueleza shida yake na ya watoto wake. Sura ya 58, Mujadila, inaanza kwa kutangaza kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia majadiliano ya mwanamke huyo, na hukumu ikashuka iliyowafungulia njia wanawake wote waliokuja baada yake. Mlalamikaji mmoja asiyechoka aligeuka sababu ya rehema kwa umma. Wakristo nao wanao mjane wa sura ya 18 ya Injili ya Luka, aliyemrudia kadhi dhalimu mpaka akapata haki yake, na Yesu akamtaja kuwa kielelezo cha sala isiyokata tamaa.

Aya ya 148 ya Sura ya Nisaa inakataza maneno mabaya ya hadharani, kisha inamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Na katika hadithi sahihi, mtu aliyekuwa akimdai Mtume ngamia alikuja na kauli nzito, masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Mapokezi hayo ndiyo kipimo cha dawati lolote la huduma kwa wateja: ukali wa anayedai hausamehe deni, na anayelipa vizuri hulipa zaidi ya kipimo.

Tena kuna hoja ya watu wengine. Kasoro iliyopoteza jalada moja huenda ipo katika kabati zima. Anayenyamaza kwa sababu yake mwenyewe ana hiari hiyo katika haki yake. Hana hiari katika haki ya mjane na yatima ambao karatasi zao zimo katika kabati hilo hilo. Kwao, malalamiko yake ni nasaha na ni kukataza maovu.

Taasisi yenye mikono mingi

Ugumu wa zama hizi ni kwamba amana haikukabidhiwa kwa mtu mmoja. Ofisa aliyeipokea hati amehamishwa. Aliyepo sasa hakuipokea. Meneja ni mgeni. Makao makuu hayajawahi kumwona mteja. Kila mmoja anaweza kusema kweli kwamba si yeye. Kweli nyingi ndogo zikijumlishwa zinazaa uongo mmoja mkubwa: kwamba hakuna anayewajibika.

Falsafa ya maadili inakataa hitimisho hilo. Mteja hakuingia mkataba na ofisa. Aliingia na benki, na benki ndiyo iliyofaidika na riba au ada ya mkopo wake. Sheria ya Kiislamu ilikwisha kuzoea wenye haki wasio na mwili, kama wakfu na hazina ya umma, ambazo humiliki, hudai na kudaiwa kupitia wasimamizi wake. Msimamizi anapobadilika, deni halibadiliki. Hadithi inayomfanya kila mtu kuwa mchunga atakayeulizwa juu ya alichokichunga haikumtoa mchunga aliyepokea kundi jana. Kwa kulipokea amepokea na maswali yake.

Kwa hiyo jibu la mfanyakazi aliyepo dawatini lina daraja mbili. Lawama ya uzembe inaweza isimhusu. Wajibu wa kutafuta unamhusu tangu dakika alipoelezwa. Kusema, “Sikuwepo,” kunamtoa katika daraja ya kwanza tu.

Adabu na njia ya kudai

Haki ya kusema ina mipaka yake. Sura ya Hujurat, aya ya 12, inatahadharisha juu ya dhana nyingi. Kusema hati haijarudishwa ni kueleza jambo lililopo. Kusema fulani ameiiba bila ushahidi ni kuzua. Kanuni ya kadhi ni kwamba ushahidi huletwa na anayedai, na kiapo ni cha anayekana. Mlalamikaji mwenye busara huanza na alicho nacho: mkataba wa mkopo, risiti ya kupokelewa kwa hati, barua ya kumaliza deni, tarehe za kila safari na majina ya waliomhudumia. Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ya 282 ya Sura ya Bakara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, inawataka waumini wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Asiye na kisomo ana haki ya kuandikiwa. Aya hiyo hiyo inamwagiza mwandishi asikatae.

Sheria za nchi zimeweka ngazi. Dai la kwanza hupelekwa kwa benki yenyewe, kwa maandishi. Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko, na asiyeridhika huweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mtwara. Upotevu wa vitambulisho, picha na nyaraka zenye habari za mtu unaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa azilinde zisipotee wala kuharibika, na inaruhusu malalamiko kupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mahakama ni ngazi ya mwisho. Kwa mwenye imani, ngazi hizi hazishindani na dua. Benki Kuu, Tume na mahakama ni njia zilizowekwa ili haki imfikie mwenyewe bila ugomvi.

Fidia, suluhu na msamaha

Haki ya mwenye karatasi ni kurudishwa alipokuwa. Karatasi ikipatikana, irudi. Isipopatikana, aliyeipoteza ndiye wa kubeba mzunguko wa kuipata nyingine: aandike barua ya kukiri kwamba ilipotea mikononi mwake, alipie kiapo, tangazo na ada, na afidie nauli na siku zilizopotea. Madhehebu ya Shafi humlipisha aliyeshikilia mali ya mtu kwa dhuluma hata manufaa aliyomzuilia mwenyewe, na sehemu ya tano ya Walawi inaelekea huko huko. Kilicho duni kuliko vyote ni ile desturi ya kumtuma mwenye hati akaripoti polisi kwamba yeye ndiye aliyeipoteza. Anayemtaka aape hivyo anamtaka aape uongo juu ya dhuluma aliyotendewa.

Suluhu ni kheri, na pande mbili zaweza kukubaliana chini ya kipimo kamili. Lakini suluhu huhitaji kila upande uijue haki yake kwanza. Mzee anayepewa kiasi kidogo asaini karatasi asiyoisoma hajasuluhishwa. Msamaha nao ni bora kuliko kulipa kisasi, na malipo yake, kwa mujibu wa aya ya 40 ya Sura ya Shura, yako kwa Mwenyezi Mungu. Ila ni wa mwenye haki peke yake, kwa hiari yake, baada ya kuelezwa ukweli wote. Ofisi haiwezi kujisamehe kwa niaba yake, wala kuuhesabu uchovu wake kuwa ni msamaha.

Dai hukoma pale hati, au badala yake halali, inapofika mkononi mwa mwenyewe na gharama zake zikawa zimelipwa. Kabla ya hapo amana haijarudi, hata jalada likiandikwa kwamba shauri limefungwa, na mwenyewe anayo haki ya kurudi dawatini na kuuliza tena.